Jirani Anayehamia Uingereza

Yule Mmarekani wa mlango wa pili kwa Hamdiya, katika jengo lao la mtaa wa Al Khuwair, lifti hakuipanda. Kila asubuhi alishuka ngazi taratibu, kiganja chote kimegusa ukuta. Hata kusema alisema taratibu, kwa Kiswahili alichokiokota kwa majirani, na kila akiulizwa jambo alipapasa kwanza mfuko wa shati wenye dawa. Hamdiya peke yake ndiye aliyejua sababu. Mara mbili alimkuta ngazini ameanguka kifafa, akamlaza ubavu na kukaa naye mpaka akazindukana.

Sasa kazi ilikuwa inamhamishia Uingereza. Siku ya safari, mizigo imeshashushwa, alikuja kusimama mlangoni kwa Hamdiya, jasho likimtiririka.

"Bi Hamdiya, kule nikianguka, nani atanigeuza?"

"Kwani hao wa kazini hujawaambia?"

"Naogopa watanikataa."

"Na mimi nna khofu nawe, baba. Bora wakukatae ungali hai. Wapigie."

Alipiga palepale. Hamdiya akamshikia simu. Alipoutaja ugonjwa wake, mwanamke wa upande wa pili akauandika. Kisha akauliza: likitokea lolote, tumpigie nani? Mmarekani akamtazama Hamdiya, akaitaja nambari ya bibi huyo yote kwa ghibu, bila kuisoma popote wala kukosea.

Akaondoka. Tangu siku ile, simu ikilia, Hamdiya huitazama kwanza kwa mbali, mkono kifuani, ndipo aipokee.