Chupa Isiyojua Kumekucha

Naosha chupa kwenye maabara ya chuo hapa Rongo. Ndani yake hufugwa mwani wa kijani, wa seli moja moja, mdogo hauonekani kwa macho. Mchana huogelea kufuata mwanga, usiku hutulia. Hata ukifungiwa kabatini gizani, bado unajua kumekucha, kwa sababu saa yake iko ndani, kwenye jeni. Ila mwani wa chupa moja una jeni mbovu. Humo kabatini chupa hiyo inachelewa, na kesho inachelewa zaidi, mpaka wenzake wakitulia ndiyo inaamka.

Niliitazama nikaona mtoto wangu.

Mchana analala kama mlevi. Usiku analia mpaka majirani wanagonga mabati. Mama mkwe alikuja kutoka Sindo, akamshika, akaanza kumwitia majina ya wafu wa ukoo, kwa sababu kwetu mtoto akilia hivyo kuna marehemu anayetaka jina. Kwa jina la shangazi mmoja akanyamaza. Tukapumua. Akaanza tena.

"Hata huyo amemkataa," mama mkwe akasema. "Nyar Migori, binti wa Migori wewe, umeshindwa kulea. Sabato ikipita, naenda naye Sindo."

Kazini nikamuuliza mwalimu, wanafunzi wakiwa hapo: "Madam, hiyo jeni mbovu, mtoto anaweza kuirithi kwa mamake?"

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mama chupa anataka mtoto awekwe kabatini!" Nilitaka kumpiga na brashi. Nikainamia sinki, uso unawaka.

Mwalimu hakucheka. "Ya mtoto wako siwezi kujua. Mtoto mchanga saa yake haijashika bado. Lakini hii chupa, ikitoka kabatini ipate mchana na usiku kama wenzake, hutaitofautisha nao."

Nikakumbuka chumba changu. Hakina dirisha. Taa inawaka usiku kucha, na mchana mlango umefungwa, jirani akimshika mtoto humo humo, ili watu wasione ninavyoishi. Kabati ni hilo.

Sabato ikapita. Asubuhi mama mkwe alirudi kumchukua mtoto, akatukuta nje juani, mlango wazi nyuma yangu: godoro chini, beseni la nepi, sufuria za jana.

"Watu wote wanaona unapolala. Huoni aibu?"

"Naona, mama. Sana."

"Lete mtoto."

"Haendi."

Akamtazama. Mtoto alikuwa macho, amekunja uso kwa jua. Mama mkwe akavuta mtungi wa plastiki wa maji, akaukalia. Wapita njia walichungulia ndani. Sikufunga mlango.