Penseli ya Pimamaji

Watu wakija kukabidhiwa nyumba mpya hapa kwenye kijiji chetu cha wastaafu, huja na utepe wa buluu. Wamestaafu, wameuza nyumba kubwa walimolelea watoto, wamehamia pwani hii ya kaskazini mwa mji wa Mackay wafie mahali penye joto, na siku ya funguo wanazunguka na miwani puani wakibandika kipande cha utepe kila wanapoona kasoro. Rangi imevuja, bandika. Mlango wa kabati unalia, bandika. Kuna mama mmoja alibandika vipande themanini na tatu, akapiga picha na kuwatumia wajukuu. Nami nilibandika vyangu, sijitoi. Lakini hakuna aliyetazama juu ya dari, maana katika sisi sote hapakuwa na mwenye magoti ya kupanda ngazi. Kampuni iliyotujengea ilijua hilo kabla yetu.

Aliyepanda ni mmoja tu, Clarrie Pridmore. Alikuwa seremala wa majengo miaka arobaini na mbili, mjane, mwenye masikio makubwa na maneno machache. Tulimwita Pimamaji kwa sababu hakuachana na kile chombo. Alikuja nacho kwapani hata kwenye chakula cha jioni cha kamati, akakiweka mezani kati ya soseji na saladi, akachungulia kiputo chake cha hewa, akasema meza ya mwenyekiti imeinama upande wa mwenyekiti. Tulicheka mpaka tukapaliwa. Mwenyekiti peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Clarrie aliingia ndani, kisha akaingia juu. Pwani hii ya vimbunga paa haliwekwi, linafungwa. Fimbo za chuma huanzia kwenye zege la msingi, hupita ndani ya ukuta, hutokeza juu penye kenchi, na hapo kila moja hukazwa kwa nati. Bila nati paa limekaa juu ya ukuta kama kofia tu. Mkaguzi aliyelipwa na kampuni alikuwa akipiga picha mbili na simu yake na kuondoka. Clarrie alitambaa darini kwa tumbo, tochi mdomoni, akagusa nati moja moja.

Nyumba namba kumi na nne ndiyo iliyompa sifa. Alishuka humo mweupe kwa vumbi na kumkuta Garth, msimamizi wa ujenzi, amesimama jikoni na kikombe cha kahawa.

"Mzee, kwa umri huo unatafuta nini huko juu? Panya?"

"Natafuta nati zako, kijana. Fimbo ziko kumi na tisa, nati nimehesabu tisa. Hizo kumi umezila?"

Habari zilienea kabla ya saa ya chai. Kampuni ililazimika kufungua paa zote za awamu ile na kuzikaza upya. Tangu siku hiyo hakuna aliyehamia nyumba mpya kabla Pimamaji hajapanda. Hakutoa cheti. Alichomoa penseli ya seremala sikioni, ile bapa, akaandika ndani ya mlango wa kabati la mashuka neno moja: *Nimeona*. Chini yake herufi za jina lake na tarehe. Watu walikuwa wakiwaonyesha wageni neno hilo kabla hawajawaonyesha bahari.

Alifanya kazi hiyo peke yake. Alisema akiwa na mtu pembeni haisikii nyumba. Kwa hiyo nilishangaa asubuhi moja ya Juni alipobisha mlango wangu wa nyuma, kofia mkononi.

"Avis, wewe ulikuwa nesi."

"Nilikuwa. Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Nataka mtu wa kunishikia ngazi."

Nilimtazama alivyoingia. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuta, na mkono wa upande huo umelala. Nimeuguza watu miaka thelathini na minne, sikuhitaji kuambiwa kwamba ni kiharusi. Nilimwambia aende kwa daktari siku hiyo hiyo.

"Nikienda, Leanne atajua," alisema. Leanne ni binti yake, yuko Brisbane. "Akijua atanipeleka kwenye nyumba ya wasiojiweza, nikae kwenye kiti nifutwe mate. Nakuomba, dada. Usimwambie mtu."

Nikakubali. Nilijiambia namtunzia heshima yake. Ukweli mwingine ni kwamba nilifurahi kuchaguliwa. Mume wangu alikuwa amefariki miaka sita nyuma, na tangu hapo hakuna aliyewahi kuniomba nimtunzie siri.

Tulikuwa tunaingia kwenye nyumba tupu kwa mlango wa nyuma, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mafundi hawajafika. Nyumba ya kwanza alipanda vipandio vitatu, mguu ukaanza kutetemeka. Akasukuma kifuniko cha dari kwa mkono mmoja, akainua tochi, akamulika. Kutoka pale anaona kenchi mbili tatu za karibu, basi. Nati ziko mbali ukingoni, kwenye kuta. Nilishika ngazi nikiwa nimetazama soksi zake.

"Unaona?" nilimuuliza.

"Naona."

Akashuka, akaandika.

Tulifanya hivyo kwenye nyumba kumi na moja za awamu mpya. Kila mara nilikuwa na maneno mdomoni na kila mara niliyameza. Yeye hasemi, mimi sisemi, halafu tunakwenda kwangu kunywa chai na mkate wenye siagi kama watu waliomaliza kazi halali.

Ya mwisho ilikuwa namba arobaini na moja, ya Dulcie Haddow. Dulcie alikuwa na umri wa miaka themanini, mfupi, mcheshi, na macho yake yalikuwa yamebakiza mwanga kidogo tu pembeni. Utepe wa buluu haukumsaidia kitu. Siku alipohamia alimwita Clarrie kumshukuru kwa keki ya nazi, nami jirani yake nikiwapo, akapapasa mlango wa kabati mpaka kidole kikapata alama ya penseli, maana Clarrie alikuwa anakandamiza.

"Hapa ndipo ulipoandika?"

"Hapo hapo," alisema Clarrie.

"Mimi mwenzenu sioni, kwa hiyo nitaona kwa macho yako. Ulifika mpaka mwisho, Clarrie? Usinidanganye, nitakuroga."

"Nimeona, Dulcie."

Akacheka, akampiga begani. Clarrie hakugusa keki. Mimi nilikula vipande viwili kwa kukosa pa kuweka mikono.

Machi iliyofuata kimbunga kikaja. Asubuhi ile walituletea mabasi mawili yatupeleke kwenye ukumbi imara wa mjini, na mimi nikapewa kupita nyumba za mtaa wangu kuwatoa watu. Dulcie alinifungulia akiwa na ndege wake begani, kasuku mdogo wa kijivu aliyemwita Bwana Meya. Kwenye basi wanyama hawakuruhusiwa.

"Nenda tu, mwenzangu," alisema. "Mimi na Meya tunabaki. Redio ninayo, maji ninayo."

"Dulcie, kimbunga hiki ni kikubwa. Twende."

"Kikubwa kwa wenye nyumba mbovu. Yangu Clarrie ameiona."

Nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti chake. Mvua ilikuwa bado ya manyunyu. Ilikuwa inatosha kusema neno moja: hakupanda. Ningelisema, angechukua koti lake, na Bwana Meya angefichwa chini ya koti, nani angemkagua bibi kipofu? Lakini akilini nilimwona Clarrie kwenye kiti cha magurudumu huko Brisbane, na nilijiona mimi mbele ya kijiji kizima nikiulizwa tangu lini ulijua. Nikasema, "Basi twende tukacheze karata, nakuomba." Akacheka, akanibusu shavuni, akafunga mlango.

Kwenye basi Clarrie alikuwa ameketi nyuma ya dereva. Alihesabu vichwa kama alivyohesabu nati.

"Dulcie yuko wapi?"

"Amekataa kuja."

"Kwa nini?"

Nilijifanya natafuta mkanda wa kiti. Clarrie aliinuka, akaanguka, akainuka tena akishika kiti. "Dereva, simama! Nishushe!" Dereva akamwambia mzee kaa chini, daraja linafungwa baada ya dakika kumi. Alipiga kioo kwa mkono wake mzima. Watu walidhani ni hofu ya kimbunga, wakamshika mabega na kumbembeleza.

Upepo ulivuma tangu saa nane mchana mpaka jioni. Tuliporudishwa kesho yake, nyumba zote za zamani zilikuwa zimesimama, hata ile namba kumi na nne, na zile kumi mpya pia. Paa la Dulcie lilikuwa kwenye uwanja wa mpira, zima, limelala chali. Kuta zilikuwa zimeangukia ndani. Walimtoa akiwa maiti, amekumbatia tundu la ndege lililobonyea. Kabati la mashuka lilibaki limesimama peke yake, mlango ukipigapiga kwa upepo.

Siku ya tisa kampuni iliitisha mkutano ukumbini. Binti yake Dulcie aliketi mbele na mkoba wa mama yake mapajani. Watu walikuwa na hasira, walitaka paa za awamu mpya zifunguliwe zote, kumi zilizobaki. Garth alikuja na suti na picha kubwa ya mlango wa kabati.

"Jamani, poleni," alisema. "Lakini hapa pana neno la mzee wenu wenyewe, mnayemwamini kuliko sisi. Aliona. Nyumba ilikuwa salama, upepo ndio uliozidi. Sasa tufungue paa kumi nzuri ya nini? Zile zile alizoziona yeye?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kwa kweli, kama Clarrie aliona..." Nikaona wanalegea. Walitaka kulegea. Kila mwenye nyumba kati ya zile kumi alitaka kwenda nyumbani akalale chini ya neno lile.

Clarrie alisimama akitegemea pimamaji yake kama fimbo.

"Sikuona," alisema.

Garth akasema, "Samahani?"

"Niliishia kwenye ngazi, sikupanda darini. Si kwa Dulcie, wala kwa hao kumi. Mguu wangu umekufa tangu Juni. Niliandika uongo mara kumi na moja. Fungueni paa."

Binti yake Dulcie ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Mguu umekufa, na kwenye ngazi ulisimama vipi? Nani alikushikia?"

Nilikuwa safu ya tatu. Nilisema moyoni, sasa Avis, simama. Miguu yangu ilikuwa mizima, haina ugonjwa wowote.

"Hakuna," alisema Clarrie. Hakugeuka upande wangu. "Nilikuwa peke yangu. Ninafanya kazi peke yangu, kila mtu anajua."

Nikabaki nimeketi.

Walifungua paa. Saba kati ya kumi hazikuwa na nati za kutosha, moja ilikuwa na tatu tu. Watu kumi na watatu walikuwa wakilala humo. Kampuni ilishtakiwa. Hakuna aliyemshukuru Clarrie. Waliacha kumsalimia, mtu akamwandikia *muuaji* kwenye sanduku la barua, na baada ya wiki mbili Leanne alikuja na gari kumchukua.

Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, amefungwa kitambaa shingoni.

"Kwa nini hukunitaja?" nilimuuliza.

Maneno yalimtoka kwa shida. "Wewe bado unaishi pale," alisema.

Alifariki Agosti. Kutoka kijijini nilikwenda mazikoni mimi peke yangu, na niliporudi, waliponisifu kwa moyo wangu mwema, nilisema asante.

Sasa mimi ni mjumbe wa kamati ya majengo. Binti yake Dulcie huniletea keki ya nazi kila Pasaka, kwa sababu nilikuwa mtu wa mwisho kujaribu kumtoa mama yake. Ananiuliza alisema nini mlangoni, nami humwambia habari za redio na Bwana Meya. Anafuta machozi, ananikatia kipande kikubwa, na mimi nakila chote.