Sauti ya Nyundo Zisizokuwepo

Asubuhi hiyo niliondoka Lunga Lunga bila kujua naelekea wapi. Nilikuwa nimechoka kupakua malori, nikapanda pikapu ya mihogo. Tulipoingia Msambweni nikasikia kinanda kikilia katika nyumba ya kando ya barabara, nikamwomba dereva anishushe.

Mpigaji, mtu wa makamo, alikuwa barazani na kinanda cha kidijitali, kile cha jukwaani chenye sauti za kila namna. Alinikaribisha, akanieleza shida yake kabla sijauliza. Miaka mingi alikuwa amepiga taarabu harusini. Sasa bendi yao ilikuwa imepata kazi hotelini Diani, na mwimbaji, ambaye ndiye mwenye bendi, alitaka sauti ya piano ya umeme ya zamani. Yake ilitoka kama kengele ya baiskeli. Mwimbaji angepita alasiri kusikiliza. Isipomridhisha, angemchukua mpigaji mwingine kutoka Mombasa.

Mimi muziki siujui, na shule niliiacha mapema, lakini kila kitu chenye kifuniko hunitia hamu ya kukifungua. Piano ya namna ile niliichungulia Likoni, nilipokuwa nikibeba spika za bendi. Ndani mlikuwa na nyundo ndogo zinazogonga vyuma vyembamba. Ukipiga polepole chuma hulia kwa upole, ukikazana, hukoroma. Nikamwomba apige kwa nguvu.

"Nguvu za nini, kaka?" akacheka. "Kinanda si kinu."

Akapiga hata hivyo. Nguvu na upole vikatoa sauti ileile. Akakuna kidevu, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeufunga mguso, ule mpangilio unaokifanya kinanda kihisi uzito wa kidole, zamani. Wapigaji wengi wa taarabu hufanya hivyo, akasema, kwani sauti ya fidla wanayoiiga kinandani haitakiwi kuruka eti kwa sababu kidole kimelemea. Akaufungua. Tukaondoa na mwangwi alioutia ili kuificha ile kengele.

Akabonyeza kidole kimoja, taratibu. Sauti ilitoka ya mviringo, yenye joto, ikakawia hewani. Akabonyeza tena kwa uzito, na kinanda kikakoroma. Nywele zilinisimama. Nilijua ndani hamna nyundo wala vyuma, ila nilikizunguka nyuma, kama mtoto anayemtafuta mtu ndani ya redio. Hata sasa sijaelewa.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya vidole. Vilikuwa vimezoea kukanyaga sawasawa. Sasa kila kimoja kilipaswa kuujua uzito wake, na kilipokosea, sauti ilibweka. Alijizoeza mpaka adhuhuri, akaswali, akarudi palepale.

Mwimbaji alifika, mama mnene wa buibui. Tukamwamkia shikamoo. Hakuketi. Alisikiliza mlangoni, kisha akaanza kuimba chinichini, na kila aliposhusha sauti, kinanda kilishuka naye. Akaukata wimbo katikati.

"Yule wa Mombasa nitamwambia asijisumbue," akasema. "Lakini wewe mwanangu, kwenye kiitikio usinibwekee."

Mpigaji aliitikia kwa kichwa tu. Akakirudia kiitikio kwa vidole vyepesi.

Mama alipoondoka, mpigaji akaniuliza nalala wapi. Nikamwambia sijui. Akakibeba kinanda mpaka chumba cha uani, akakiegemeza ukutani, na katika nafasi iliyobaki akanitandikia godoro.