Kamera Mbili na Kochi Moja

Nyumbani walimwita Kiroboto, na hata wateja walilizoea jina hilo, maana kwa mwanamke yule kukaa kitako ilikuwa adhabu. Akiwa kwenye studio yake ya picha atafungua pazia, atalifunga, atasogeza kiti, atakirudisha palepale. Chai hakuwahi kuinywa ikiwa moto, kwa kuwa kila kikombe alikisahau mahali. Ukimwambia, "Tulia basi, mwenzetu," atakujibu ametulia, naye keshafika mlangoni.

Kwa mtu kiguu na njia kama huyo, kamera iliyomfaa ni ile inayojilenga yenyewe. Unaielekeza, unabonyeza, lenzi inanguruma kidogo, pap, picha imeingia kwenye filamu. Harusi nzima aliipiga huku anatembea. Kamera yake ya pili, nzito, ya chuma, ilitaka mtu mwingine kabisa. Katikati ya kidirisha chake cha kuchungulia unaona kila kitu ni viwili: pua mbili, videvu viwili. Unazungusha pete ya lenzi polepole mpaka viwili viwe kimoja, ndipo picha itoke safi. Kiroboto aliinunua kwa kuipenda sura, na kila alipoitumia aliilaani.

Asubuhi ile zote mbili zilikuwa juu ya meza ya mama yake, zimetiwa filamu, naye anazizunguka roho juu. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa anahama kwenda kuishi kwa mwanawe, mbali sana. Kwa umri ule na magoti yale, hakuna aliyejidanganya kwamba atarudi. Angepita kuaga tu. Kiroboto alitaka picha moja ya wazee hao wawili wako pamoja, na asipoipata leo ndiyo basi tena.

Shida ni kwamba walikuwa hawasemezani. Ilianza kwenye maziko ya bibi, pale mama alipomuuliza dada yake mbele za watu alikuwa wapi mama yao alipokuwa anaumwa. Tangu hapo, hata wakiwa chumba kimoja, maneno yalipitia kwa Kiroboto. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." "Mwambie mama yako mkubwa asile." Naye katikati, shingo huku, shingo kule. Utatuliaje na kazi kama hiyo?

Akachukua ile inayojilenga, maana wazee hawatakubali kusubiri. Akairudisha. Hakuwa amewasahau maharusi fulani waliokaa wameachana kidogo. Kamera ikapenya katikati yao, ikalenga ukuta. Ukuta ulitoka vizuri mno, kila ufa unauona, wenyewe wakawa ukungu. "Tulikuja kupigwa sisi au ukuta?" bwana harusi aliuliza, na haki yake. Sasa hawa wazee wakikaa, kati yao mkokoteni unapita. Dawa ipo: unamlenga mmoja, unabonyeza kitufe nusu, unashikilia, ndipo unageuza kamera katikati. Lakini kidole cha Kiroboto hakikuijua nusu.

Akachukua ile ya chuma. Akaiweka. Akaichukua tena, na gari likasimama nje.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Sikai, dereva ana haraka." Akakaa mwisho wa kochi. Mama alikuwa mwisho wa pili. "Mwambie mama yako nimekuja kuaga."

"Mwambie nimesikia," mama akasema, macho dirishani.

Kiroboto akapiga moyo konde, akapiga magoti na ile ya chuma. Akamwona mama ana pua mbili. Akazungusha pete, akapitiliza, akarudi. Akigusa kidogo tu, pua zinaachana. Akabana pumzi.

"Mwambie mama yako avute gauni, limekunjika," mama mkubwa akasema.

Kiroboto kimya. Akifungua mdomo tu, kazi yote bure.

"Kiroboto, husikii?"

Mama mkubwa akaguna, akageuka mwenyewe. "Vuta gauni, wewe. Limekunjika."

Mama akalivuta.

"Huyu leo kapatwa na nini?" mama akasema, na haikujulikana anamwambia nani. "Hajatulia hivi tangu azaliwe."

"Hata kuzaliwa kwenyewe. Mkunga anatafuta glavu, yeye keshatoka."

"Akakudondokea wewe."

"Na sare yangu ya kazi, mpya. Sikuivaa tena." Mama mkubwa akacheka kwa puani.

Mama naye akataka kucheka, ikashindikana. "Siku ile ulikuwepo, dada," akasema. "Usiku kucha ulinishika mkono."

"Hata mama yetu alipokuwa anaumwa nilitaka kuwepo. Niliomba ruhusa kazini, wakaninyima. Nikaona aibu kusema." Mama mkubwa akapangusa macho kwa kiganja. "Nawe hukuuliza vizuri."

"Sikuuliza vizuri," mama akakubali.

Mmoja akajivuta, sijui nani alianza, maana na mwenzake alijivuta pia. Pale katikati ya kochi sasa hata paka asingepita. Kamera yoyote ingewaweza. Ndani ya kidirisha pua ya mama ilikuwa moja tangu zamani, safi kabisa, na kidole kiko kwenye kitufe.

Kiroboto hakubonyeza. Aliwajua hawa: wakisikia tu mlio, watakumbuka wako wapi, watakaza shingo, na gari litaondoka. Magoti yalimuuma, mguu mmoja ulishakufa ganzi, mwili mzima ulikuwa unamwasha ainuke. Nje dereva akapiga honi.

"Bado tu?" mama mkubwa akauliza, mkono wake uko mkononi mwa mdogo wake.

"Bado kidogo," Kiroboto akasema. "Ongeeni tu."