Pasta ya Kaka Yangu

Kaka yangu alirudi kutoka Italia wakati ule sabuni ilikuwa ya kuvizia na sukari ya kugawiwa. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi hapa Musoma kilimpeleka huko akajifunze mitambo mipya ya kufuma, akakaa karibu mwaka mzima. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga vyumba viwili Nyakato, na kwa kuwa yeye alikuwa hajaoa, alifikia kwangu.

Nilitegemea atakuja na hadithi. Alikuja na koti zito lisilo na kazi katika joto letu, na ukimya. Asubuhi alikwenda kiwandani, mchana akarudi mapema kuliko nilivyotarajia, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Nikimuuliza kazi inaendeleaje, anasema, "Inaendelea." Nikimuuliza Italia pakoje, anasema, "Pazuri." Basi.

Mama alipopata habari alipanda gari la samaki kutoka kijijini kwetu, kule kwenye rasi, akaja na kapu la sato waliokaushwa kwa moshi na unga wa muhogo uliochanganywa na mtama. Alisonga ugali mwenyewe, hakuniruhusu niguse mwiko. Kaka alimega matonge machache, akanawa. Kwetu mtu akinawa mapema hivyo, anayejiuliza maswali ni mpishi. Mama alimtazama mwanawe, halafu akanigeukia mimi kana kwamba ndimi niliyekuwa naye Italia nikamharibu.

Siku chache baadaye malaria ikamwangusha. Klorokwini tuliipata baada ya kuzungushwa sana. Alilala anatetemeka, mama amekaa pembeni na kitambaa cha maji, mimi nikitoka shule naungana nao. Ndipo alipofungua macho na kusema wazi kabisa, "Mama, nataka pasta."

"Unataka nini, baba?"

"Pasta. Hapa Musoma watu wanapataga wapi pasta? Nikiipata nitapona."

Mimi nilielewa kama alivyoelewa mama. Katika kanisa letu tulisema mchungaji. Waliosema pasta ni walokole wa mtaa wa pili. Kaka hakuwa mtu wa kusali, na mtu asiyesali akiomba kuletewa mtumishi wa Mungu, familia huanza kuogopa. Mama hakubishana na neno. Alijifunga kitenge, akatoka mbio, na kabla jua halijazama akarudi na pasta, mtu mrefu, mpole, shati lake limetiwa kiraka begani.

Alimwekea kaka mikono kichwani, akasali. Kisha akauliza, "Ndugu yangu, una neno gani moyoni?"

Kaka alimwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia mama. "Huyu ni nani?"

"Si ndiye pasta," mama akasema. "Umemwomba mwenyewe."

Kaka alicheka mpaka akakohoa, halafu kicheko kikageuka, nikaona analia. Mama naye akalia, akidhani ile ni toba. Pasta alisimama katikati yetu na Biblia yake, hajui asali tena au aage. Ikabidi kaka ajiinue na kueleza kwamba pasta anayoitaka ni chakula, kinatengenezwa kwa unga wa ngano, Wataliano wanakula kila siku kama sisi na ugali. "Nyingine ni kama nyuzi," akasema, "nyingine kama vibomba."

"Ah," pasta akasema, bila kuudhika hata kidogo, "hizo si tambi? Waislamu wa pale mjini wanapikaga sana. Mbona mmeniita mimi?"

Kesho yake nilikwenda mjini kwa mke wa fundi cherehani aliyenishonea gauni langu la kuhitimu ualimu. Nilijua kwake Ramadhani hukosi tambi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tambi ninazo kidogo, zimebaki. Sukari ndiyo sina."

Nilirudi nyumbani nikachukua sukari yote tuliyokuwa nayo, nikampelekea. Alizikaanga tambi mpaka zikawa rangi ya dhahabu, akamwaga maji, akatia sukari na iliki. Harufu ilijaa uani, mate yakanijaa mdomoni. Nilifunika bakuli kwa kitambaa, nikatembea nalo hadi Nyakato, nikajiona nimekomboa mtu.

Kaka alikula kijiko kimoja. "Tamu," akasema.

"Si ndizo ulizotaka?"

"Ndizo." Akazitazama. "Lakini sizo."

Akanieleza kwamba zinaliwa kwa chumvi, zinamwagiwa mchuzi wa nyanya na vitunguu saumu, na juu linaparuzwa jibini. Jibini nililijua kwenye kitabu cha sayansi tu, nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba linatokana na maziwa, nami sijawahi kuliona. Nilirudi tena kwa yule bibi, nikamwomba azipike bila sukari, atie chumvi na nyanya. Aliweka mkono kifuani.

"Tambi kwa chumvi? Nani kakwambia hivyo? Mgonjwa huyo mpeleke hospitali, mwanangu."

Nikapita na kwenye hoteli ile ya kando ya ziwa walikofikia wageni wa serikali, nikamuuliza mhudumu kama wanapika chakula cha Kiitaliano. Alikuwa mtu mwenye adabu, akafikiri vizuri kabla ya kujibu. "Leo kuna wali maharage," akasema. "Hicho cha Kiitaliano, nacho kinaliwa na maharage?" Nilimwambia sijui, na ni kweli sikujua. Nilianza kuhisi natafuta kitu ambacho hata nikikutana nacho mezani sitakitambua.

Aliyepata njia ni mama. Alichukua tambi kavu zilizobaki kwa yule bibi, akazichemsha kwa chumvi, akazipikia mchuzi wa nyanya na furu, wale samaki wadogo waliokuwa wameanza kuadimika ziwani kwa kumalizwa na sangara. Zikawa kama uji mzito wenye miiba. Kaka alikula akamaliza, akafuta sahani kwa kidole, akasema, "Asante, mama." Mama akang'aa uso. Lakini alipompikia tena kesho yake, hakugusa. Mama alirudi kijijini bila kujua kama amemponya au amemuudhi.

Baada ya hapo fundi mwenzake wa kiwandani, mtu wa Butiama, alikuja kumsalimia. Kaka alikuwa amekwenda zahanati, kwa hiyo tulikaa wawili kibarazani. Nikamwambia, kwa kuendeleza mazungumzo tu, kwamba bila shaka mitambo mipya inawachosha.

"Mitambo ipi?" akauliza.

"Ile aliyokwenda kuisomea."

Alitazama chini. "Shemeji, kumbe hajawaambia. Ile mitambo haikuja. Fedha za kigeni hakuna. Tangu arudi anakaaga kwenye benchi pale kivulini. Wakubwa nao hawajui wampe kazi gani, maana ya zamani wameshampa mwingine."

Kaka aliporudi nilimwangalia kwa namna nyingine. Ningemuuliza nini? Kwa nini ulie kwa ajili ya tambi na usilie kwa ajili ya kazi? Nilimmiminia chai isiyo na sukari, tukanywa. Alinisimulia, kwa mara ya kwanza, kwamba kule kwenye bwalo la kiwanda alikuwa akikaa meza moja na mafundi wa mitambo ileile, na mama mmoja mpishi alikuwa akimwongezea sahani bila kumuuliza. Wiki za mwanzo alizichukia zile pasta, alizionaga kama minyoo. Kisha akainuka kuosha vikombe.

Halafu mambo yakageuka. Ikawa ruksa kuleta bidhaa kutoka nje, na maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa. Makaroni yalikuja kutoka Kenya kwa njia ya mpaka wa Sirari, yamefungwa kwenye mifuko ya nailoni. Siku nilipoyaona nilinunua bila kufikiri, nikaenda nyumbani karibu nikikimbia. Kaka aliugeuza mfuko, akausoma mbele na nyuma, akasema asante, akauweka juu ya kabati. Ulikaa pale mpaka wadudu wakaingia. Miezi hiyohiyo kiwanda kilianza kupunguza watu, naye akawa miongoni mwa wa kwanza.

Hakukaa sana kwangu. Alikwenda Bunda, akapanga chumba Nyasura, na siku moja nikasikia amefungua mgahawa kando ya barabara. Nilikwenda kumtembelea wakati wa likizo. Palikuwa na meza chache, benchi, na ubao ulioandikwa kwa mkono wake: CHAKULA CHA KIITALIANO. Nilipoingia, dereva wa lori alikuwa amekaa mbele ya sahani ya makaroni yenye mchuzi wa nyanya, anaitazama.

"Mboga nimeiona," dereva akasema. "Ugali uko wapi?"

"Hiyo siyo mboga," kaka akamjibu kwa upole. "Ndicho chakula chenyewe."

"Sawa, fundi, nimeelewa. Sasa ugali?"

Kaka akaingia jikoni. Kulikuwa na mwanamke anayempikia, ambaye baadaye alikuja kuwa wifi yangu; yeye alikuwa ameshasonga. Dereva alimega tonge, akalitia shimo kwa kidole gumba, akachota makaroni, akala kwa raha. Baada yake waliingia walimu wawili, wakaagiza vilevile. Niliambiwa ndivyo ilivyo kila siku, na kwamba wateja wapo wa kutosha. Sikujua nimpongeze au nimpe pole.

Watu walipopungua alinipakulia na mimi, makaroni na ugali pembeni, akakaa mbele yangu.

"Hivi ndivyo pasta zilivyokuwa kule?" nikamuuliza.

Alichukua kipande kimoja kutoka sahani yangu, akakitafuna taratibu. "Nilikuwaga najua," akasema. "Siku hizi nikionja naona ni chakula tu. Hebu onja wewe uniambie."

"Mimi nitajuaje?"

"Onja tu."

Nilikula, naye ananiangalia mdomoni, anangoja. Nilimwambia chumvi imezidi kidogo. Akafikiri, akaonja kingine, akakubali kwamba imezidi.