Milioni Moja na Tatu

Kila Mwalimu Elipidius aliposafiri, hakumwahidi mkewe kitenge kama wanaume wengine wa Bweranyange. Alimwachia Kokwijuka hesabu. Alichukua mkaa, akaandika namba kwenye mlango wa stoo ya kahawa, akasema, "Ivunje kabla sijarudi." Yaani atafute namba mbili ndogo zinazozidishwa kuipata. Alimfundisha walipooana tu, kwa buni juu ya jamvi: kumi na tano hupangika mistari mitatu ya tano tano, lakini kumi na tatu, upange utakavyo, hubaki mstari mmoja mrefu. Hiyo ndiyo namba tasa. Kokwijuka hakuwahi kushindwa, na mumewe akirudi humwekea alama ya vema palepale mlangoni, hata viatu hajavua.

Safari ya mwisho ilikuwa ya hospitali, Bukoba. Aliandika 1,000,003. Siku ya tisa alirudishwa ndani ya jeneza.

Kokwijuka alilia, akazika, akapokea wageni mpaka wakaisha. Kisha akachukua daftari. Namba hiyo ikivunjika vipande viwili, kimoja lazima kiwe chini ya elfu moja, na namba tasa za chini ya elfu ni mia moja sitini na nane tu. Angezimaliza kwa wiki. Lakini alijipimia moja kila Jumapili baada ya ibada, akitafuna kahawa barazani. Saba ilibakiza nne. Kumi na moja ikabakiza nne. Kumi na tatu, nne tena! Akacheka peke yake, akaona mume anamtania. Tuseme ukweli: mama huyu hakuwa na haraka ya jibu. Maadamu namba haijamalizwa, mumewe bado yuko safarini.

Miaka mitatu na ushee ikapita hivyo. Jumapili moja akapita Gosbert, mwalimu kijana aliyepewa darasa la marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo namba ya mlangoni, simu yangu inaimaliza sasa hivi."

"Irudishe mfukoni. Hukuachiwa wewe."

Siku hiyo ilikuwa imebaki moja tu, 997. Akafungua daftari, akagawanya. Ikaingia mara elfu moja na tatu, ikabakiza kumi na mbili.

Namba tasa, basi. Katika ndoa yao yote hajawahi kuachiwa namba isiyovunjika. Je, Elipidius alijua kwamba harudi? Au maumivu yalimchanganya, akakosea? Hakuna wa kumwuliza. Wala hakuna wa kuweka vema mlangoni, na hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote.

"Haivunjiki, Mwalimu," aliuambia mlango. "Lakini huenda nimekosea mahali."

Jumapili iliyofuata alifungua daftari jipya, akaanza na mbili, ingawa hata mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba namba inayoishia na tatu haigawanyiki kwa mbili.