Mkanda wa Koko Naipanoi

Silvanus aliponunua Landrover yake kuukuu kule Arusha, hakuiosha kwanza wala hakumwita katekista aje aiombee. Aliifikisha nyumbani Bashay, nje kidogo ya Karatu, akaisimamisha uani bila kuizima, akawaita majirani waje waisikilize.

"Mnasikia nini?"

"Hatusikii kitu," akasema mkewe, Lusia.

"Hicho hicho!" Silvanus akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mtu usimlaumu upesi. Tangu utotoni alikuwa amefuata nyuma ya plau, na ng'ombe wake wawili wa kulimia ndio walioingia katika bei ya gari ile. Mtu aliyeuza ng'ombe wake wa plau hataki kusikia injini ikikohoa.

Aliyemharibia furaha ni Muksini, fundi mwenye gereji nyuma ya soko la Karatu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akaisugua oili kati ya vidole, akainusa.

"Silvanus, hii siyo oili ya injini. Mtu amekutilia oili ya gia, nzito kama asali. Wauzaji hufanya hivi ili injini iliyochoka isigonge. Tuimwage, tutie ya sawasawa, halafu tuisikilize kweli."

Silvanus akaliangalia boneti kwa muda. "Na ikigonga?"

"Ikigonga tutajua."

"Basi iache. Mimi nataka kazi, sitaki kujua."

Muksini akafuta mikono, akafunga boneti polepole, kama mtu anayefunika sufuria ya mwenzake.

Miezi mitatu gari likafanya kazi. Silvanus alibeba unga, mabati, wagonjwa na maharusi, akavuka lango la hifadhi kwenda Endulen na Kakesio, na kote alikopita alijisifia ukimya wa gari lake. Mpaka ikafika siku ya Sabina.

Sabina alikuwa mtaalamu wa mifugo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Siku hiyo alipakia mtungi wa bati wenye shingo nyembamba, akaufunga kwa kamba nyuma ya kiti. Ndani mlikuwa na hewa ya baridi kali, iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, ile inayotoka kama moshi ukifungua kifuniko, na katikati ya baridi hiyo mlikuwa na chanjo ya ndigana, ile homa ya kupe inayoua ndama, ya kutosha ndama mia tatu. Wafugaji wa Kakesio walikuwa wameingoja miezi minane.

"Hewa hii ikiisha, chanjo inakufa," Sabina alimwambia Silvanus. "Ikifa, nimebeba maji. Unanielewa, kaka?"

"Na wewe usikilize gari hili," Silvanus akajibu.

Endulen walimpakia bibi mmoja, Naipanoi, aliyekuwa anarudi kwake Kakesio na mfuko wa sukari na sufuria mpya. Mzigo wake ulifungwa kwa mkanda wa ngozi mweusi, laini, unaong'aa. Silvanus alimwita Koko, kama Wamaasai wanavyowaita bibi zao. Koko Naipanoi aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo ndiyo dawa?" Alipoambiwa ndiyo, akahamia pembeni ya mtungi, akaukumbatia kwa mkono mmoja. Msimu uliopita ndigana ilimlia ndama tisa. Walibaki wawili.

Kwenye mlima wa asubuhi, wakipanda kwenda ukingoni mwa kreta, Silvanus alikuwa amesikia kitu. Ko. Kisha kimya. Akajiambia ni jiwe. Sasa, saa sita na nusu mchana, jua limechemsha kila kitu na oili ile nzito imelainika kama maji, kile kitu kikarudi. Ko, ko, ko. Silvanus akaanza kuimba kwaya kwa sauti.

"Mbona unaimba?" akauliza Sabina.

"Nafurahi."

Ko-ko-ko-ko. Taa nyekundu ya oili ikawaka. Halafu sauti ikawa ya nyundo juu ya chuma, gari zima likatetemeka, na Silvanus kwa woga akakanyaga breki na kukata usukani kwa pamoja. Gurudumu likaingia mtaroni. Kamba ikakatika, mtungi ukamponyoka Koko na kugonga bodi kwa kishindo.

Injini ikazimika. Ule ukimya alioupenda Silvanus ukawa umejaa bonde zima.

Sabina hakupiga kelele. Alipapasa mtungi kwa kiganja, na wote watatu wakaona ubavu wake ukianza kuvaa umande mweupe kwa nje, kama jani la kabichi alfajiri.

"Umepata ufa," akasema. "Baridi inatoka." Akatumbukiza kijiti chembamba cha mti shingoni mwa mtungi, akakitoa, akasoma alama ya barafu iliyoganda juu yake. "Nilipotoka Karatu ilifika hapa. Sasa iko hapa. Ikiendelea hivi, saa kumi na moja jioni itakuwa imekwisha."

"Kakesio ni kilomita ngapi?"

"Kumi na mbili."

Gari jingine lilikuwa limepita asubuhi, na huko hupita moja kwa siku. Punda wa Koko, kule kwake, walikuwa wamekwenda kubeba maji, na hata wangekuwepo, mtungi ule haukutakiwa kulala wala kurukaruka. Huko mbele watu walikuwa wametenga ndama na mama zao tangu alfajiri.

"Mpigie fundi wako," akasema Sabina.

Silvanus akaangalia ardhi. Afadhali angeambiwa ampigie simba.

Mtandao ulipatikana juu ya keria ya paa tu, nao ulikuwa kijistari kimoja. Basi Sabina akapanda juu na simu, Silvanus akabaki chini na spana, na maneno ya fundi yakawa yanashuka kwa kinywa cha Sabina bila kupunguzwa.

"Anauliza, ile oili uliimwaga?"

"Mwambie... bado."

"Anasema, hongera mzee wa ukimya."

"Sawa."

"Anasema, uwaite majirani tena waje kusikiliza."

"Sabina, si lazima uniambie yote!"

"Mimi siyajui ya maana ni yapi. Anasema uwashe kidogo tu, uchomoe waya wa plagi moja moja. Mlio ukipungua, ugonjwa uko hapo."

Ulipungua kwenye ya tatu. Muksini, kule gerejini, akauliza mara mbili kama ni ya tatu kweli. Kisha sauti yake ikabadilika, dhihaka ikamtoka kabisa. Injini imenoki, akasema. Beringi ya konrodi ya tatu, ule mkono unaosukuma pistoni, imekwisha, chuma kinapiga chuma. Ikizungushwa tena hivyo hivyo, konrodi itakatika na kutoboa injini ubavuni, na hapo gari halina maisha.

"Anauliza, mna ngozi?"

"Ngozi ya nini?"

"Ya kukaa mahali pa beringi. Anasema wazee wa zamani walifanya hivyo porini. Ngozi ya ng'ombe, ya kweli, iliyolainika."

Silvanus akavua mkanda wa suruali yake. Aliununua mnadani, na muuzaji aliapa kwa mama yake kuwa ni ngozi tupu.

"Anasema uuchome ncha."

Silvanus akawasha kiberiti. Mkanda ukajikunja, ukadondosha tone jeusi, ukanuka ndoo iliyoungua.

"Plastiki," akasema Sabina.

"Nimeona."

Koko Naipanoi alikuwa amekaa kivulini mwa gari, mkono juu ya mtungi, akifuata kila neno. Akainama, akafungua mzigo wake. Sukari ikabaki peke yake kwenye majani. Mkanda akaunyoosha juu ya mapaja.

"Huu ni wa mama yangu," akasema. "Umebeba kuni, umebeba maji. Mimi mwenyewe ulinibeba. Kila mwaka naupaka mafuta ya kondoo."

"Koko, nikiukata haurudi," akasema Silvanus.

"Ndama wangu nao walirudi?"

Silvanus akachoma uzi mdogo wa ukingoni. Harufu ikawa ya nyama na nywele. Ngozi ya kweli.

Akaingia chini ya gari. Oili ikamwagika kwenye sufuria mpya ya Koko, ikimetameta vumbi la chuma, nayo wakaichuja kwa kitenge cha Sabina ili irudi ilikotoka. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikashuka. Ile beringi aliikuta imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, imejikunja. Akaibandua. Nati moja ilidondoka mchangani, wakaitafuta wote watatu kwa magoti, dakika nzima, hadi Koko akaiokota. Alikata ngozi kwa kisu kidogo, ya kwanza ikawa fupi, akaitupa. Ya pili akaipima, akaipima tena, maana sehemu pana ya mkanda ilikuwa imebaki kipande kisichofika kiganja.

"Barafu iko wapi?" akauliza kutoka chini.

"Nusu ya kidole changu."

"Cha mkono upi?"

"Silvanus, funga nati!"

Alifunga, lakini si sana, kama alivyoagizwa. Akarudisha sampo na oili, akatoa plagi ya tatu kabisa ili pistoni ile izunguke bure bila kubeba mzigo. Saa tisa na dakika kumi akawasha. Gari likatoa mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia, pufu-pufu-pufu, tundu la plagi likipumua kama mbuzi mwenye kifua. Silvanus mwenyewe ndiye aliyewaambia wenzake wanyamaze. Mara ya kwanza tangu alinunue, alitaka kulisikia.

Likajivuta kutoka mtaroni, wakaenda gia ya pili, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Kila kilomita mbili alisimama, akagusa sampo, akasikiliza, akaomba kimoyomoyo. Kwenye makorongo Sabina alishuka akautembeza mtungi mikononi, umande ukimganda vidoleni, Koko akishika upande wa pili. Kilomita ya nane ngozi ikaanza kunuka. Ya tisa ko moja ikapita, akapunguza mwendo. Ya kumi na moja gari likapanda kilima cha mwisho, pufu, pufu, moshi ukajaa miguuni, na pale juu kabisa, boma za Kakesio zikionekana chini na vumbi la ndama likielea, injini ikafunga. Haikugonga. Ilisimama tu.

Silvanus akaweka paji la uso kwenye usukani. "Imebaki kilomita moja."

"Barafu imebaki ncha," akasema Sabina.

Koko Naipanoi hakuwasikiliza. Alikuwa ameshapanda juu ya keria, umri wake na yote, akaivua shuka yake nyekundu na kuipunga, akitoa sauti kali iliyoshuka bondeni kama jiwe. Chini kule mtu mmoja akasimama. Kisha wawili. Halafu lile vumbi lote likageuka, likaanza kupanda kilima kuelekea kwenye gari.

Sabina alichanganya chanjo akiwa amepiga magoti nyuma ya Landrover, vifuko vya barafu vya kupoza chanjo iliyokwisha kuchanganywa, alivyovitoa kwenye sanduku lake, vikiwa miguuni pake. Alipochovya kijiti mara ya mwisho, kilitoka kikavu. Lakini chanjo ilikuwa imeshatoka mtungini. Ndama wa kwanza wawili kuchanjwa walikuwa wa Koko, na yeye ndiye aliyewashika masikio.

Landrover ilirudi Karatu ikiwa imefungwa nyuma ya lori. Muksini aliifungua injini, akatoa kipande cheusi kilichokauka kama nyama ya juani, akakiweka mezani. Ilichukua miezi mitano na mavuno ya ngano gari kutembea tena. Safari hii Silvanus alimimina oili kwa mkono wake mwenyewe, nyepesi, ya sawasawa, akaiacha injini ikiwaka nusu saa huku ameinamisha sikio. Iligonga kidogo upande wa kushoto. Akamwambia Muksini, "Hapo. Fungua tena."

Safari ya kwanza ilikuwa Kakesio. Alibeba sufuria mpya, na mkanda mpya wa ngozi aliomtengenezesha mtu wa Mbulu, akaupaka mafuta mwenyewe wiki mbili. Koko Naipanoi aliupokea kwa mikono miwili, akaunyoosha, akaukunja. Kisha akamnyooshea kiganja Silvanus.

"Lete kiberiti."

Akauchoma ncha, akaunusa kwa muda mrefu, macho amefumba. Silvanus alisimama akingoja kama siku ile chini ya gari. Koko akauzima ule moto kwa vidole, akainama, akaanza kuufungia mzigo wake wa kuni.